Karakana Ikifungwa Usiku Huu, Kesho Asubuhi Utadai Nini?

Mwaka 2024 karakana ya meli ya Meyer Werft, iliyoko Papenburg nchini Ujerumani, ilielemewa na madeni mpaka serikali ikaingilia kati. Serikali kuu pamoja na jimbo la Lower Saxony zilichukua karibu asilimia 80 ya hisa kwa euro milioni 400. Sisi wa Kigoma tuna sababu ya kulijua jina hilo. Ndiyo karakana iliyojenga meli tunayoiita Liemba mwaka 1913, ikaifungua vipande vipande, ikaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000 yaliyokuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli kupitia Tabora hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915.

Karakana iliyoanza 1795, yenye oda za miaka kadhaa mbele, inaishiwaje hela? Sababu zilikuwa nyingi: bei za vifaa na nishati zilipanda baada ya korona, na mikataba ya zamani haikuruhusu kuongeza bei. Lakini ipo moja inayomhusu kila anayetaka kuagiza chombo kipya cha majini. Kampuni za meli za kitalii kwa desturi hulipa karibu asilimia 20 wakati meli inajengwa, halafu asilimia 80 siku ya kukabidhiwa. Katikati hapo anayekopa ni mjenzi, na usiku asiyelala ni mjenzi.

Kwa anayeagiza boti binafsi ya kifahari mambo ni kinyume kabisa. Siku boti yake inagusa maji kwa mara ya kwanza, huwa ameshalipa asilimia 80 au 90. Yeye ndiye benki ya karakana, tena benki ya ajabu, inayokopesha bila riba na bila kushika rehani. Kila kinachofuata katika makala haya ni namna ya kupunguza ujinga wa benki hiyo.

Tuchukue mfano. Mwenye hoteli wa Kigoma mjini anataka boti ya mita 16, vyumba viwili vya kulala, jiko, kiyoyozi, injini mbili za dizeli, ya kupeleka wageni Gombe na kurudi siku hiyo hiyo, au Mahale kwa siku tatu nne. Bei, tuseme, ni dola 800,000. Mjenzi yuko ng'ambo, na ratiba yake ya malipo inasomeka hivi: asilimia 20 kusaini mkataba, 25 ganda la faiba likitoka kwenye kalibu, 25 injini zikifungwa, 20 boti ikishushwa majini, 10 siku ya makabidhiano. Ratiba inaonekana ya haki, kazi kidogo hela kidogo. Hebu simama siku injini zinafungwa. Umelipa dola 560,000. Kilichopo ni ganda, injini mbili na nyaya zinazoning'inia. Hapo ndipo pa kuuliza swali la kichwa cha makala haya, na uliulize kabla ya kila awamu: karakana ikifungwa usiku huu, kesho asubuhi nitadai nini, na kwa nani?

Mkataba usiposema lolote, utakachodai ni karatasi. Mfilisi akishaingia, mali za karakana hugawanywa kwa foleni. Taratibu hutofautiana nchi na nchi, lakini kwa kawaida mbele wako waliokopesha kwa rehani, wafanyakazi wanaodai mishahara, na mamlaka ya kodi. Wateja waliotoa advansi wanasimama nyuma kabisa, bega kwa bega na muuza rangi na muuza skrubu. Na lile ganda lenye jina la hoteli yako kwenye michoro yote? Ni mali ya karakana, linaingia kwenye mnada.

Wengi hujifariji kwa jina kubwa. Perini Navi ya Viareggio, Italia, ilikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa duniani ya yoti za tanga, na Januari 2021 mahakama ya Lucca iliitangaza imefilisika. Oyster ya Uingereza, inayojulikana kwa yoti za matajiri wanaozunguka dunia, ilifunga milango Februari 2018 baada ya mfadhili wake kujitoa, wateja wakaachwa na boti zilizojengwa nusu. Zote mbili zilinunuliwa na watu wengine na majina yakaendelea kuishi, lakini anayenunua jina kwa mfilisi halazimiki kurithi madeni yako. Jina zuri linakuhakikishia ubora wa mbao za sakafuni. Kuhusu akiba ya benki halikwambii kitu.

Kabla hatujafika kwenye kinga zenyewe, kuna jambo ambalo watu huliruka kwa haraka: unamlipa nani hasa? Boti nyingi huuzwa kupitia wakala, mwenye ofisi nzuri Mombasa, Dubai au Dar es Salaam, bendera ya kiwanda ukutani. Ukisaini naye kama muuzaji, mkataba wako ni na yeye. Kiwanda hakikujui. Wakala akichukua kishika uchumba chako, yaani malipo yako ya kuanzia, akalipia kodi ya ofisi na boti ya mteja aliyekutangulia, kiwanda kitasema, kwa haki kabisa, kwamba hakijapokea hata senti ya kwako na ile nafasi ya ujenzi amepewa mwingine. Omba kuona mkataba wa uwakala ulio hai. Omba kiwanda chenyewe kiandike barua kwamba oda namba fulani ipo, ni ya fulani, na kimepokea kiasi fulani. Kizuri zaidi ni mkataba wa pande tatu: wewe, wakala na kiwanda, hela ikienda moja kwa moja kwa mjenzi na wakala akilipwa kamisheni yake na kiwanda. Wakala anayekasirika kwa ombi hilo amekwisha kukujibu. Na kama wakala yuko humu nchini na mnauziana humu humu, kumbuka kanuni za mwaka 2025 zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Mkataba wa dola kati ya watu wawili wa Dar ni kujitafutia kesi.

Sasa umiliki. Pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, anayetaka mtumbwi mkubwa mara nyingi hununua mbao na misumari mwenyewe, akavirundika kwa fundi. Fundi analipwa ufundi wake kidogo kidogo. Akiugua, au akavuka kwenda Kalemie na simu haipokelewi, mbao zimelala pale ufukweni na kila mpita njia anajua ni za nani. Mnunuzi amepoteza muda na ile advansi ya wiki iliyopita, basi. Mkataba mzuri wa boti ya dola 800,000 unajaribu kutengeneza hali hiyo hiyo kwa maandishi, maana kwenye karakana ya Ulaya au Uturuki huwezi kupeleka faiba yako begani.

Ugumu unatoka kwenye sheria yenyewe. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kama ile ya Uingereza ya 1893 ilikochotwa, inasema umiliki wa bidhaa isiyobainishwa hauwezi kuhama mpaka bidhaa yenyewe ibainike. Ukilipa asilimia 20 leo, hakuna boti. Hakuna cha kumilikiwa. Kwa hiyo kifungu unachokitaka kiseme kwamba kuanzia malipo ya kwanza, kila kinachojengwa, na kila kifaa kinachotengwa kwa ajili ya boti hiyo, kinakuwa chako kadiri kinavyotokea.

Hata hapo, neno "kutengwa" limewahi kuwatoa watu jasho. Mwaka 1926 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya karakana ya Blyth iliyokuwa imeshindwa kulipa madeni. Mkataba ulisema baada ya malipo ya kwanza meli na vifaa vilivyotengwa kwa ajili yake ni vya mnunuzi. Mahakama ikakubali kwamba meli ile isiyokamilika ilikuwa yake. Lakini vyuma vilivyokuwa vimelala uwanjani, hata vile vilivyokwisha kukatwa na kukunjwa tayari kufungwa, havikuwa vyake, kwa sababu hakuna kitendo kilichoonyesha wazi kwamba vimetengwa kwa chombo hicho na si kingine. Karibu miaka mia imepita, na bado injini za boti za watu hukaa stoo ndani ya makreti yasiyo na jina.

Kitendo chenyewe si kigumu, kinachotakiwa ni kukifanya. Kila boti inayojengwa kwa viwango vya kimataifa hupewa namba ya utambulisho wa ganda yenye herufi na tarakimu 14: nchi, mjenzi, namba ya mfululizo, mwezi na mwaka. Namba hiyo iandikwe kwenye mkataba mara inapotolewa, na kwenye kila ankara inayofuata. Injini, jenereta, giaboksi na rada vina namba zao; mjenzi akutumie kila mwezi orodha ya namba za vifaa vilivyofika kwa ajili ya boti yako, na kila kreti libandikwe karatasi yenye namba ya ganda na jina lako. Picha ya kreti lenye karatasi hiyo, yenye tarehe, ina thamani kuliko kurasa tatu za ahadi.

Kuna mambo mawili ambayo mawakili wa huku wasiozoea boti huweza kuyakosa. La kwanza, mkataba unaweza kusema utaongozwa na sheria ya Uingereza, lakini nani anamiliki kitu kilicholala Antalya au Viareggio kwa kawaida huamuliwa na sheria ya mahali kilipolala. Kwa hiyo mtafute wakili wa huko, hata kwa saa mbili tu, akuambie kifungu chako cha umiliki kinasimama au la. Baadhi ya nchi, Italia na Uholanzi zikiwemo, zina daftari rasmi la vyombo vinavyojengwa, na kuandikwa humo ni bora kuliko kifungu chochote. La pili, karakana ina benki yake, na benki hiyo huenda imeshikilia rehani ya kila kitu kilichomo ndani ya ukuta. Omba barua ya benki hiyo ikikiri kwamba ganda namba fulani halimo kwenye rehani yake.

Ukishayapata yote hayo, una umiliki wa boti nusu iliyofungiwa ndani ya karakana ambayo umeme umekatwa. Mwenye uwanja anadai kodi. Kulihamisha ganda kunataka kreni na lori la kukodi, na karakana nyingine ikikubali kumalizia, haitatoa gharanti kwa kazi ambayo haikuifanya. Ndiyo maana kwa maoni yangu umiliki ni mguu mmoja tu, na mguu wenyewe ni ule mfupi. Mrefu ni dhamana ya benki ya kurudishiwa fedha.

Dhamana hiyo ni ahadi ya benki ya mjenzi kwamba mjenzi akifilisika, au akichelewa kupita tarehe ya mwisho, benki yenyewe itakurudishia awamu ulizolipa, pengine na riba. Wanunuzi wa meli kubwa hawatoi awamu ya kwanza bila karatasi hiyo. Mjenzi wa boti atakwambia inamgharimu, na ni kweli: benki inamtoza ada na mara nyingi inazuia sehemu ya fedha zake. Mwambie utaichangia ada hiyo. Ukilinganisha na dola 560,000 zinazoelea hewani, ni bei ya kulala usingizi. Asipokubali hata ukichangia, ama benki yake haimwamini, ama anahitaji hela yako kumalizia boti ya mwingine. Yote mawili ni habari muhimu, na umezipata bure.

Karatasi yenyewe isomwe kwa jicho kali. Kwanza, iwe ya kulipa kwa madai ya kwanza, yaani benki ilipe ukidai kwa maandishi, bila kusubiri mahakama iamue nani mkosaji. Dhamana nyingi za aina hii huandikwa chini ya kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa zinazoitwa URDG 758, na ukiona namba hiyo uko mahali pazuri. Pili, tarehe ya kuisha. Nimeona rasimu ambayo dhamana ilikuwa inakufa siku ile ile boti ilipotakiwa kukabidhiwa. Mjenzi akichelewa siku moja tu, umebaki na karatasi ya kufungia maandazi. Iishi angalau miezi miwili baada ya ile tarehe ya mwisho kabisa ambayo mkataba unakuruhusu kuvunja oda.

Tatu, na hapa ndipo wajanja wanapokamatwa, ni mabadiliko ya katikati. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema wahusika wakibadilisha masharti ya mkataba bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaachiliwa kwa yale yanayofuata baada ya mabadiliko. Nchi nyingi zina kanuni ya namna hiyo. Na boti gani ya kifahari inajengwa bila mabadiliko? Mama mwenye hoteli anataka jiko lihame upande wa kushoto, mzee anataka injini kubwa zaidi. Kila badiliko ni karatasi, na kila karatasi ni nafasi ya mdhamini kusema "sikukubaliana na hili." Dhamana ya madai ya kwanza kwa kawaida husimama peke yake, lakini usitegemee kawaida. Andika ndani ya dhamana yenyewe kwamba mabadiliko ya mkataba hayaipunguzii nguvu.

Nne, usiipokee mkononi kwa mjenzi ukaiamini. Karatasi yenye nembo ya benki inachapwa popote. Iombe benki yako, hapa Kigoma au makao makuu Dar, ipokee dhamana hiyo kwa ujumbe wa SWIFT, mtandao wa mawasiliano ya mabenki, kutoka benki iliyoitoa, na ikuthibitishie. Dhamana ya kampuni mama ya mjenzi si sawa na ya benki. Mara nyingi mama na mtoto huzama kwenye mawimbi yale yale.

Akaunti ya amana ni njia nyepesi zaidi: hela inakaa kwa mtu wa tatu, wakili au benki, na inaachiliwa tukio fulani likithibitishwa. Inafaa sana kwa kishika uchumba na kwa malipo ya mwisho. Kwa awamu za katikati haitoshi, kwa sababu mara hela inapoachiliwa kwenda kununua injini, ulinzi wake umekwisha. Na wakili awe wako au wa kati, asiwe wa mjenzi.

Kila awamu ifungwe kwenye tukio linaloonekana kwa macho, isifungwe kwenye tarehe. "Tarehe 1 Machi, asilimia 25" ni mtego. "Injini zote mbili zimefungwa kwenye misingi yake na kuunganishwa na shafti, na mkaguzi wa mnunuzi amesaini" ni lugha ya mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Mkaguzi huyo mlipe wewe. Aende kila kabla ya awamu, aguse, apige picha ya namba ya ganda, atumie ripoti. Picha za WhatsApp za mauzo hazihesabiki. Boti tatu zinazofanana zikiwa zimepangana, picha ya jirani inaweza kuwa yako bila mtu kusema uongo mkubwa sana.

Kuna wizi mmoja usiohitaji karakana kufilisika. Mmekuwa mkiandikiana barua pepe miezi mitano. Siku mbili kabla ya awamu ya tatu inaingia nyingine, lugha ile ile, sahihi ile ile, na ankara ya kweli imeambatishwa: "Ndugu mteja, akaunti yetu iko kwenye ukaguzi wa mwaka, tafadhali tumia hii hapa chini." Anwani ya mtumaji ina herufi moja iliyobadilishwa, au haina kosa lolote kwa sababu aliyeingilia yumo ndani ya kompyuta ya mjenzi. Ukituma, hela inaondoka kwenye akaunti hiyo kabla ya adhuhuri, na mjenzi bado anakudai. Kinga yake ni ya kizamani: akaunti iandikwe ndani ya mkataba, na mkataba useme haitabadilika ila kwa waraka uliosainiwa na pande zote. Badiliko lolote lithibitishwe kwa kupiga simu kwenye namba uliyoijua tangu mwanzo, si ile iliyomo kwenye barua. Karani wa hoteli anayeandaa malipo aambiwe hivyo waziwazi, maana ndiye atakayeharakishwa.

Nimezungumza kama vile hasara ni kufilisika na wizi tu. Hela hupotea pia kwa kupokea boti isiyofaa ziwa letu. Mjenzi atakuahidi kasi, tuseme maili 28 za baharini kwa saa, na ataithibitisha kwenye majaribio mbele ya mkaguzi, baharini. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza sehemu ya nguvu zake. Maji ya bahari ni mazito kuliko yetu kwa karibu asilimia 2.5, kwa hiyo boti ile ile hapa inakaa chini kidogo zaidi. Ukiongeza matangi yaliyojaa na wageni kumi na mizigo yao, ile 28 huioni tena, na huna pa kulalamika kwa sababu mtihani ilifaulu. Andika kwenye mkataba kwamba itatumika kwenye maji baridi, mwinuko huo, joto la hapa, na pangaboi zichaguliwe kwa hali hiyo. Hata vile vipande vya madini vinavyofungwa chini ya boti ili kutu ivile vyenyewe badala ya shafti: baharini ni zinki, kwenye maji baridi hutakiwa magineziamu. Boti ikija na zinki, pangaboi zinaweza kuanza kuliwa, na mjenzi atasema gharanti haihusu mazingira ambayo hakuambiwa.

Halafu TASAC. Ndiyo inayosajili na kukagua vyombo bara, yakiwemo maziwa, na boti ya kubeba abiria wa kulipia haipimwi kama boti ya starehe ya mtu binafsi. Cheti cha Ulaya cha boti za starehe kina madaraja manne, A hadi D. Daraja C, kwa mfano, ni la kuhimili upepo usiozidi nguvu 6 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi yasiyozidi mita 2. Cheti hicho peke yake hakikupi ruhusa ya kuuza tiketi. Peleka michoro TASAC kabla ya kusaini, chukua majibu kwa maandishi, na majibu hayo yawe kiambatisho cha mkataba: boti isipokidhi, mjenzi arekebishe kwa gharama yake.

Na itafikaje? Kati ya Dar na Kigoma kuna zaidi ya kilomita 1,200, na ganda lenye upana wa mita nne na nusu haliingii kwenye kontena wala haliendi kwa lori bila kibali cha TANROADS cha mzigo uliopita kipimo, gari la kusindikiza, na mtu wa kuangalia nyaya za umeme. Kwa hiyo soma herufi tatu zilizo karibu na bei. EXW maana yake boti ni shida yako tangu mjenzi anapokuwekea tayari ndani ya karakana yake, kabla hata haijapakiwa. Kwa CIF Dar es Salaam mjenzi analipa usafiri na bima hadi bandarini, lakini hatari ya njiani imeshakuwa yako tangu boti ilipopandishwa melini kule ilikotoka, jambo ambalo huwashangaza wengi. Ukipata DAP Kigoma, yaani gharama na hatari za safari ni za mjenzi hadi Kigoma, hata kwa bei ya juu, mimi ningeichukua. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ushuru wa forodha viulizwe TRA mapema kwa maandishi, maana bei ya mjenzi haina hivyo.

Bima nayo ina mapengo mawili. Wakati wa ujenzi mjenzi awe na bima ya karakana, na jina lako liwemo kama mlipwaji. Septemba 2018 moto uliunguza yoti ya mita 146 ndani ya karakana ya Lürssen huko Bremen, kwa hiyo ukubwa wa karakana hauzuii cheche. Safarini, sheria yetu inataka bima ya mizigo inayoingia nchini ikatwe kwa kampuni zilizosajiliwa hapa. Hakikisha ile ya kwanza haimaliziki kabla ya pili kuanza. Boti inayoning'inia kwenye kreni huwa imesimama katikati ya bima mbili.

Ugomvi ukitokea, hukumu ya mahakama ya Kigoma inaweza kukosa meno Italia. Uamuzi wa usuluhishi unayo, kwa sababu Tanzania imo kwenye Mkataba wa New York wa 1958, unaohusu kutambua maamuzi ya usuluhishi ya nchi nyingine, tangu 1964, na nchi karibu zote zinazojenga boti zimo. Chagua usuluhishi, taja mji, taja lugha, uendelee na mengine.

Imebaki ile asilimia 10 ya mwisho. Wajenzi huitaka kabla boti haijatoka getini kwao, na wana hoja: ikishavuka bahari hawataipata. Igawe. Tano ilipwe baada ya majaribio, kwa wakati mmoja na kukabidhiwa hati: hati ya mauzo, cheti cha mjenzi, tamko la viwango, uthibitisho kwamba hakuna deni wala rehani juu ya boti, na orodha ya namba za vifaa. Mawakili wawili wabadilishane, hela kwa hati, mezani. Tano nyingine ikae kwenye akaunti ya amana mpaka boti ielee Kigoma, itembee hadi Gombe na kurudi ikiwa na mzigo kamili, na mkaguzi asaini. Mjenzi atabisha, utashuka hadi tatu. Usishuke hadi sifuri, kwa sababu fundi wa ng'ambo hupanda ndege kuja kurekebisha pampu inayovuja akijua kuna hela yake inamsubiri huku.

Mjenzi akikataa dhamana, akakataa kifungu cha umiliki na akakataa kuacha hata senti nyuma, bado kuna mlango mmoja: boti iliyokwisha kujengwa. Wajenzi na mawakala huwa na boti za maonyesho au zilizoachwa na wateja walioshindwa kumalizia. Hutachagua rangi ya makochi. Lakini unamtuma mkaguzi leo, anaipanda, anaiwasha, na unalipa kitu ambacho tayari kipo.